Kodi ya faida isiyogawanywa: Nani atabeba mzigo Mbeya na Iringa?

KAMPUNI ya kuchana mbao mjini Mafinga inaweza kufunga mwaka ikiwa na faida nono vitabuni, lakini ikakosa hata fedha za kugharimia mkutano mkuu wa wanahisa wake. Faida ipo, ila imelala uwanjani kwa sura ya magogo, imefungwa ndani ya msumeno mpya ulioagizwa kutoka nje, au imo mikononi mwa wateja wa Dar es Salaam waliochukua mzigo kwa ahadi ya kulipa mwezi ujao.

Hali ya namna hiyo ndiyo iliyofanya pendekezo moja la bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 lijadiliwe kwa uzito mkubwa miongoni mwa wahasibu na wamiliki wa makampuni. Tarehe 12 Juni, 2025, akiwasilisha bungeni mjini Dodoma bajeti ya Shilingi trilioni 56.49, Dk. Mwigulu Nchemba, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alipendekeza kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa faida iliyolimbikizwa, yaani ile ambayo kampuni imeipata, imeilipia kodi ya mapato, kisha haikuwagawia wanahisa wake kama gawio.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kumiliki hisa hata moja, jambo hilo laweza kuonekana kuwa ugomvi wa matajiri na serikali yao. Sivyo. Linagusa ajira za viwandani, bei ya chai na mpunga, na hata amana za watu katika benki ndogo za wilayani.

Ili kulielewa, ni vema kuanza na hesabu. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida yake. Kampuni iliyopata faida ya Shilingi milioni 100 hulipa milioni 30 na kubaki na milioni 70. Ikiamua kuzigawa zote, hukata kodi ya zuio ya asilimia 10, sawa na Shilingi milioni saba, na wanahisa huondoka na milioni 63. Kwa mwanahisa mkazi ambaye ni mtu binafsi, kodi hiyo huwa ndiyo ya mwisho, wala hadaiwi tena. Jumla ya kilichokwenda serikalini ni milioni 37.

Lakini kampuni hiyohiyo ikiamua kutogawa chochote, bila kodi ya aina hii serikali hupata milioni 30 tu. Zile saba husubiri, na zinaweza kusubiri mwaka mmoja, kumi, au hadi kampuni itakapofungwa. Milioni hizo saba ndizo kiini cha mjadala wote.

Hoja ya mamlaka za kodi, hapa na kwingineko duniani, ni kwamba kusubiri huko mara nyingi si bahati mbaya. Mmiliki wa kampuni ya kifamilia ana njia nyingi za kufaidi fedha za kampuni bila kuziita gawio. Gari analoendesha ni la kampuni, nyumba anayoishi imepangwa na kampuni, na ada ya watoto inapitia katika akaunti ya mikopo ya wakurugenzi, mikopo ambayo hakuna anayekumbuka kuirejesha. Faida inaonekana kulimbikizwa kwenye mizania wakati maisha ya mwenye mali yanaendelea vizuri tu.

Hivyo sheria za aina hii hutumia mbinu ya kuhesabu gawio ambalo halikutolewa kana kwamba limetolewa. Kampuni haikuitisha mkutano wala haikuandika hundi, lakini baada ya muda uliowekwa kupita, sheria inasema kwa madhumuni ya kodi gawio hilo limekwisha kulipwa, na kodi ya zuio inadaiwa.

Tofauti kati ya sheria moja na nyingine huwa katika kiasi kinachohesabiwa. Ikihesabiwa faida yote iliyobaki, kampuni ya mfano wetu itadaiwa milioni saba. Ikihesabiwa sehemu tu, tuseme asilimia 30 ya ile milioni 70, gawio la kudhaniwa litakuwa milioni 21 na kodi yake Shilingi milioni 2.1. Kampuni ni ileile na faida ni ileile, ila mzigo wa kwanza unazidi wa pili zaidi ya mara tatu.

Wazo lenyewe ni kongwe. Uingereza ililiweka katika Sheria ya Fedha ya mwaka 1922, ikiyalenga makampuni yaliyodhibitiwa na watu wasiozidi watano. Wakati huo matajiri wa Uingereza walitozwa kodi ya juu ya ziada ambayo makampuni hayakutozwa, hivyo aliyeacha faida yake ndani ya kampuni aliikwepa kabisa. Serikali ikasema faida hiyo ihesabiwe kuwa mapato ya wanahisa, wapende wasipende.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1936, chini ya Rais Franklin Roosevelt, ilianzisha kodi ya faida isiyogawanywa yenye viwango vilivyopanda kutoka asilimia 7 hadi 27, kadiri kampuni ilivyobakiza sehemu kubwa zaidi. Makampuni yalipiga kelele, na hoja iliyopata nguvu ilikuwa ile ya makampuni madogo: makubwa yangeweza kwenda kuuza hisa au kukopa benki, madogo hayakuwa na mtaji mwingine isipokuwa faida yao wenyewe. Mwaka 1938 kodi hiyo ilipunguzwa hadi ikabaki mabaki tu, na mwaka 1939 ikawa mwisho wake. Iliyobaki Marekani ni kodi nyingine, ambayo sasa ni asilimia 20, inayotozwa pale tu kampuni inapolimbikiza kupita mahitaji ya kawaida ya biashara yake, na dola 250,000 za kwanza kwa makampuni mengi haziguswi.

Jirani wa karibu ana mfano unaofaa kutazamwa kwa makini zaidi. Kenya, katika kifungu cha 24 cha Sheria yake ya Kodi ya Mapato, inampa Kamishna mamlaka ya kuelekeza kwamba sehemu ya mapato ya kampuni ihesabiwe kuwa imelipwa kama gawio, endapo kampuni haikuigawa ndani ya muda wa kuridhisha usiozidi miezi 12 baada ya mwaka wake wa hesabu. Ila kuna sharti: iwe ni sehemu ambayo ingeweza kugawanywa bila kuathiri mahitaji ya biashara.

Maneno hayo machache ya mwisho yana uzito. Yanaipa kampuni nafasi ya kujitetea kwamba fedha zilibakizwa ili kununua mtambo, kulipa mkopo au kujenga ghala. Upande wa pili, yanamwachia ofisa wa kodi uamuzi mpana kuhusu biashara ambayo yeye haiendeshi. Sheria inayotaja asilimia maalum huondoa mabishano hayo, lakini huondoa pia masikilizano. Kampuni iliyoficha na kampuni iliyojenga hutendewa sawa.

Hapo ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapoingia, kwa kuwa uchumi wake ni wa mazao na misitu, na mali hizo hazigeuki fedha kwa kalenda ya mhasibu.

Katika Wilaya ya Mbarali, mwenye kinu hununua mpunga msimu wa mavuno na kuuhifadhi akisubiri bei ipande. Ikifika Desemba 31, hesabu zinapofungwa, fedha zake zimo ndani ya magunia. Mnunuzi wa magogo ya shamba la Sao Hill naye hutakiwa kulipia kibali na mzigo kabla shoka halijagusa mti, hivyo faida ya mwaka huu ndiyo inayolipia magogo ya mwaka ujao. Akitakiwa kutoa sehemu ya faida hiyo kama kodi ya gawio ambalo hakuligawa, atapunguza magogo au atakwenda benki. Kwa riba ya takriban asilimia 15, mkopo wa kulipia zile milioni saba utamgharimu zaidi ya Shilingi milioni moja kwa mwaka.

Kwa kampuni zenye mashamba yao ya miti, jambo ni gumu zaidi. Msindano huchukua zaidi ya miaka 15 kufikia umri wa kuvunwa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaitaka kampuni inayovifuata kuithamini miti iliyosimama kwa thamani ya soko kila mwaka, na ongezeko la thamani huingizwa katika faida ya mwaka huo. Kwa lugha nyepesi, mti ukirefuka, kampuni imepata faida, ingawa hakuna aliyenunua hata ubao mmoja. Sheria ikitamka tu faida baada ya kodi bila kufafanua ni faida ipi, mwenye shamba anaweza kudaiwa kodi ya gawio kwa sababu mvua ilinyesha vizuri Mufindi. Sheria ya Makampuni yenyewe inamzuia kugawa faida ambayo bado haijapatikana kwa kuuza, kwa hiyo angekuwa anaadhibiwa kwa kutofanya jambo ambalo sheria nyingine imemkataza.

Kuna pia mikataba ya mikopo. Ni kawaida kwa benki inayotoa mkopo wa muda mrefu kumwekea mkopaji sharti la kutogawa gawio hadi sehemu fulani ya deni iwe imelipwa. Kampuni yenye mkataba kama huo haina hiari ya kugawa.

Na benki zenyewe? Mkoa wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, una kumbukumbu chungu. Tarehe 4 Januari, 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Benki ya wilayani haina tajiri wa kuikimbilia. Mtaji wake hukua kwa njia mbili, wananchi kununua hisa zaidi au faida kubakizwa. Kuihimiza igawe kila mwaka huku msimamizi akiidai mtaji zaidi ni kuivuta pande mbili.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuyasikiliza makampuni peke yao. Upo upande mwingine ambao haupazi sauti, nao ni wa wanahisa wadogo.

Katika kampuni nyingi za kifamilia za Iringa na Mbeya, hisa hurithiwa. Kaka wawili wanaendesha biashara na kulipwa mishahara mizuri, ilhali dada aliyeolewa Songea au mjane wa kaka wa tatu anashikilia asilimia 20 ambazo hazijawahi kumpa hata senti. Kila mwaka anaambiwa biashara inakua, na kweli inakua, lakini yeye hali ukuaji. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamruhusu kwenda mahakamani kulalamika kwamba maslahi yake yanakandamizwa. Ni wangapi wenye ujasiri wa kuishitaki familia yao?

Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe walioingia kama wanahisa katika kampuni ya chai ya Wakulima, kupitia chama chao, wanalielewa jambo hilo kwa namna yao. Kwa mkulima wa majani mabichi, gawio ni kama bei ya pili. Bei ya kilo ikiwa ndogo, anatazamia kiwanda chenyewe kimrudishie kitu mwisho wa mwaka. Kisiporudisha, hisa inabaki kuwa karatasi.

Serikali nayo ni mwanahisa anayedai. Tarehe 24 Novemba, 2019, Rais John Magufuli alipopokea mjini Dodoma gawio na michango ya Shilingi trilioni 1.05, aliyapa mashirika na taasisi ambazo hazikuwa zimetoa siku 60 kufanya hivyo. Tarehe 10 Juni, 2025, siku mbili kabla ya bajeti iliyobeba pendekezo la kodi, Rais Samia Suluhu Hassan alipokea Shilingi trilioni 1.028. Katika kampuni ambayo Msajili wa Hazina ana hisa, kama ile ya saruji iliyopo Songwe nje kidogo ya Jiji la Mbeya, gawio huiletea serikali mapato mara mbili, mara ya kwanza kama mwenye hisa na mara ya pili kama mtoza kodi kwa wanahisa wengine.

Swali gumu ni kama kodi hii inamsaidia yule dada wa Songea. Jibu la haraka ni kwamba inamsaidia, kwani wakurugenzi wakijua kodi italipwa hata wasipogawa, wataona ni afadhali wagawe. Jibu la kina linatia shaka. Kampuni inaweza kulipa kodi ya gawio la kudhaniwa na kuendelea kumnyima gawio la kweli. Katika hali hiyo, fungu ambalo lingekuwa lake limepunguzwa na kodi, na mkononi hana kitu. Kodi inamlazimisha mwenye kampuni kulipa serikali, haimlazimishi kumlipa mwanahisa mwenzake.

Lipo jambo jingine ambalo halikupata nafasi ya kutosha katika mjadala. Waingereza wa mwaka 1922 walikuwa na sababu iliyo wazi, kwa kuwa mtu binafsi alitozwa zaidi ya kampuni. Tanzania haiko hivyo. Kiwango cha juu cha kodi kwa mtu binafsi mkazi ni asilimia 30, sawa kabisa na cha kampuni. Mfanyabiashara asiye na kampuni, mwenye mapato yanayotozwa kodi ya Shilingi milioni 100 kwa mwaka, hulipa karibu milioni 28, kwa kuwa sehemu ya mwanzo ya mapato yake hutozwa viwango vya chini au haitozwi kabisa. Mwenzake aliyesajili kampuni na kubakiza faida yote, bila kodi ya aina hii, hulipa milioni 30. Aliyesajili kampuni na kugawa faida yote hulipa milioni 37.

Kwa hiyo anayebakiza faida Tanzania hajakimbilia kwenye kivuli chenye kodi ndogo kuliko ya jirani yake. Ameahirisha tu ile asilimia 10 ya juu. Kuahirisha nako kuna thamani, na serikali ina haki ya kukutazama, lakini ni kosa dogo kuliko lile lililozaa sheria za namna hii. Wafanyabiashara wengi wa Mwanjelwa jijini Mbeya na wa soko kuu la Iringa hawajasajili makampuni na kodi hii haiwahusu. Hatari ni kwamba itawapa sababu moja zaidi ya kutosajili, wakati nchi imetumia miaka mingi kuwashawishi warasimishe biashara zao.

Baadhi ya nchi zimechagua kinyume chake. Estonia, tangu mwaka 2000, haitozi kodi ya mapato kwa faida inayobaki ndani ya kampuni. Kodi hudaiwa siku faida inapogawanywa. Georgia na Latvia zikafuata mwaka 2017 na 2018. Taiwan ilianza na kodi ya asilimia 10 kwa faida isiyogawanywa mwaka 1998, ikaishusha hadi asilimia 5 kuanzia hesabu za mwaka 2018, na baadaye ikaruhusu faida iliyotumika kununua mitambo na kujenga majengo isihesabiwe. Korea Kusini nayo ilianzisha kodi yake mwaka 2015 kwa makampuni makubwa, ikiyaachia nafuu yale yaliyotumia faida kuwekeza au kuongeza mishahara.

Njia ya Taiwan ingefaa kufikiriwa kwa mikoa ya kusini. Mashine ya kukaushia mbao inaonekana kwa macho, ina stakabadhi ya forodha na namba ya mtengenezaji. Ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) aliyepo Mafinga anaweza kuikagua kwa nusu saa, na kuitofautisha na gari la kifahari lililonunuliwa kwa jina la kampuni.

Kwa wenye makampuni, kazi iliyo mbele yao inaanzia kwenye vitabu. Ritani ya mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha, yaani hadi Juni 30 kwa wanaofunga Desemba. Bodi inayobakiza faida inapaswa kuandika katika kumbukumbu zake sababu na kiasi, na mkopo wowote kwa mkurugenzi uwe na mkataba na ratiba ya marejesho. Gawio halisi linapotolewa, kodi ya zuio hupelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi husika kwisha, na anayelipwa hupewa cheti.

Cheti hicho kitahitajika zaidi pale gawio la kudhaniwa likishatozwa kodi. Kampuni ikija kuigawa kweli faida ileile miaka mitatu baadaye, italazimika kuonyesha kuwa asilimia 10 ilikwisha lipwa, la sivyo fedha moja itatozwa mara mbili. Na endapo katikati ya miaka hiyo hisa zimebadili mikono, kwa kuuzwa au kwa mirathi, anayepokea gawio atakuwa mtu mwingine kabisa na yule ambaye kodi ililipwa kwa niaba yake.